Mwanasheria Huandaliwa Kabla ya Chuo Kikuu

Mwezi uliopita, jioni ya Jumapili, jirani yangu alibisha hodi akiwa na binti yake anayesoma kidato cha nne. Binti alinipa shikamoo, akaketi karibu na mama yake, akafungua daftari ambamo alikuwa ameandika maswali matatu. La kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, nataka kuwa mwanasheria. Kwenye Selform nichague tahasusi ipi, HGL au HKL?" La pili lilihusu alama zinazotakiwa. La tatu lilihusu mkopo. Mama yake akaongeza kwa sauti ya chini kwamba baba mtu anataka sayansi, kwa kuwa wanasheria wamejaa mitaani.

Nilimjibu yote matatu kwa dakika kumi. Nilimwambia kwamba Historia, Kiingereza, Kiswahili na Jiografia zote ni njia zinazopitwa na wengi, na kwamba hakuna tahasusi inayomiliki ufunguo wa fani ya sheria. Wakaaga, wakashukuru, wakaenda zao. Nilipobaki peke yangu nikatambua kwamba nimejibu maswali ya fomu. Swali ambalo binti yule hakujua kuliuliza, yaani shule inapaswa kumwandaa vipi mtu atakayebeba mashauri ya watu wengine, sikuligusa kabisa. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya. Kwa kuwa jibu lenyewe linanigusa mimi binafsi, sina budi kuanzia mbali kidogo.

Mwaka 1985 nilikuwa darasa la saba katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Kagera. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameachiwa na babu kishamba cha migomba na buni. Alikuwa mjane. Mwanawe mmoja alipougua, aliuza sehemu ya shamba lile ili apate fedha za matibabu. Ndugu wa ukoo wakamfungulia shauri katika Mahakama ya Mwanzo wakidai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Baba yangu hakuwa miongoni mwa waliomshtaki, lakini hakusimama upande wake pia. Shangazi akashindwa.

Nakala ya hukumu ililetwa nyumbani kwetu ili nimsomee, kwa sababu pale kijijini nilikuwa nikisifiwa kwa kusoma bila kukwama. Ilikuwa kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, na muhuri chini. Niliisoma kwa sauti kubwa na kwa mwendo wa kutia fahari, kama tulivyofundishwa kusoma mbele ya mkaguzi wa elimu. Mstari wa mwisho ulikuwa umefunikwa nusu na wino wa muhuri. Niliyaona maneno "rufaa" na "siku thelathini". Neno rufaa sikulijua maana yake, na sikutaka kukwama mbele ya wazee. Nikauruka mstari ule, nikakunja karatasi, nikaipokea sifa yangu. Shangazi akaitia karatasi kwenye khanga na kurudi kwake.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria, nilisoma Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984. Humo nikakutana na kifungu kinachompa aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo siku 30 za kukata rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya. Nilikifunga kile kitabu. Nilikuwa nimeelewa kwa mara ya kwanza nilichokiruka.

Sijidanganyi kwamba shangazi angeshinda. Sura ya haki za msingi iliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, lakini haikuweza kutegemewa mahakamani hadi Machi 1988. Na tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilikuwa limeandika waziwazi kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo katika uhai wake, bila kuwa na haki ya kuiuza. Hata hivyo, uamuzi wa kukata rufaa au kutokata ulikuwa wake. Mimi ndiye niliyeufanya kwa niaba yake, nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, kwa sababu ya aibu ya neno moja.

Katika mkoa huohuo, mwaka 1988, mwanamke aliyeitwa Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Aliliuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, na mahakama ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo. Ephrahim akaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ya mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, ilhali mwanamume anaruhusiwa, inakiuka Katiba. Hukumu hiyo husomwa leo katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika. Isingekuwapo kama baada ya kushindwa pale Kashasha kila mmoja angekunja karatasi na kurudi nyumbani.

Ninasimulia haya ili nieleze kwa nini, ninapoulizwa kuhusu maandalizi ya mwanasheria, akili yangu haikimbilii tahasusi. Hukimbilia kusoma: kusoma mpaka mstari wa mwisho, na kuthubutu kusema mbele ya watu kwamba neno hili silielewi. Shule yangu ilinifundisha kutamka. Haikunifundisha kukwama.

Sasa niseme la pili, ambalo ni gumu zaidi kulikiri kwa sababu wakati huo nilikuwa mtu mzima mwenye cheo.

Wengi wenu mnakumbuka Oktoba 2022. Matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, yalizagaa mitandaoni. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioondolewa walikuwa 265. Hawa hawakuwa watoto wa sekondari. Kila mmoja alikuwa tayari na shahada ya sheria kutoka chuo kikuu kinachotambulika. Taifa likashtuka. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya uenyekiti wa Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze tatizo.

Mjadala ulivyokwenda unajulikana. Wanafunzi waliilaumu Taasisi. Waliokuwa upande wa Taasisi walivinyooshea vidole vyuo vikuu. Sisi wa vyuo vikuu tukasema tunaletewa vijana wasioweza kuandika aya moja iliyonyooka, tukailaumu sekondari. Walimu wa sekondari wakailaumu shule ya msingi. Lawama iliteremka ngazi hadi ikamfikia mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye hakuwa na wa kumsukumia.

Wiki ile ile alinipigia simu kijana niliyemfundisha. Alikuwa miongoni mwa walioondolewa, au kama wanavyosema wenyewe, alikuwa "amedisko". Nilimkumbuka vizuri kwa sababu katika somo langu alipata alama ya juu. Nilijiandaa kumfariji. Hakutaka faraja. Alisema: "Mwalimu, kule walitupa malalamiko ya mteja kurasa nne, wakatuambia tuandae hati ya madai. Mimi nikaandika maana ya mkataba na aina za mikataba. Samahani kwa kuuliza, lakini mbona hukuniambia kwamba siwezi?"

Nilimjibu maneno ya kawaida kuhusu mfumo. Baada ya kukata simu nikaenda kutafuta maswali yangu ya mtihani ya miaka ile. Yalikuwa "Jadili", "Fafanua", "Eleza kwa mifano". Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia tatu, na vitabu vya majibu vilipaswa kusahihishwa ndani ya majuma mawili. Katika hali hiyo, nakiri, nilikuwa nikitafuta katika majibu yao maneno yangu mwenyewe. Aliyeyarudisha maneno yangu yakiwa kamili alipata alama nzuri. Kijana yule alikuwa hodari wa kuyarudisha. Alisoma "madesa" yangu, akayameza, akayatapika siku ya mtihani, nami nikamwita mwanafunzi bora. Nilikuwa nimempa sifa ileile niliyopewa mimi kijijini mwaka 1985, kwa kosa lilelile.

Basi shule ifanye nini kwa kijana anayetaka sheria? Nitaeleza mambo manne ambayo nimeyaona yakipungua kwa wanafunzi wanaofika mbele yangu.

La kwanza ni kutenganisha jambo lililotokea na maoni juu ya jambo hilo. Mteja anapofika ofisini huja na vyote viwili vimechanganyika: "Huyu mtu ni mwizi, ana roho mbaya, na mwezi wa tatu alihamisha mpaka." Kazi ya mwanasheria huanzia kwenye mpaka uliohamishwa. Nani aliona? Mpaka wa awali ulikuwa wapi? Kuna hati? Somo la Historia lingeweza kufundisha hili vizuri kuliko somo lolote, kama mwanafunzi angeulizwa tumejuaje kwamba jambo hili lilitokea. Badala yake huulizwa ataje sababu sita, na akitaja tano hukatwa alama.

La pili ni lugha, na hapa nawaomba wasomaji wangu wa pande zote mbili wavumilie. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza huambiwa lugha ya kufikiria imebadilika. Mimi nilisoma sekondari ambayo aliyesema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, na matokeo yake tulijifunza kunyamaza kwa Kiingereza. Wakati huohuo, Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili miaka yote. Februari 2021, Siku ya Sheria, Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili, aliteuliwa kwenda Mahakama ya Rufani, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Nililifurahia badiliko hilo na bado nalifurahia. Lakini hukumu za nyuma zimeandikwa kwa Kiingereza, na anayeziacha hizo ameacha sehemu kubwa ya sheria yenyewe. Kijana anayetaka sheria anahitaji lugha zote mbili, na anazihitaji kwa kiwango cha kuandika. Zoezi ambalo ningelipendekeza ni jepesi: achukue kifungu kimoja cha Kiingereza, amweleze bibi yake kwa Kiswahili mpaka bibi aweze kuuliza swali. Bibi asipouliza swali, hakuelezwa.

La tatu ni hesabu. Wanafunzi wengi huniambia walichagua sheria ili waikimbie hesabu. Huwapa mfano mmoja. Mwislamu amefariki bila wosia, wazazi wake walikwisha kutangulia, madeni na gharama za mazishi zimelipwa, na amebakiza shilingi milioni 32. Ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Mke hupata sehemu ya nane, yaani milioni 4. Milioni 28 zinazobaki hugawanywa kwa kanuni ya fungu la mwanamume kuwa sawa na mafungu mawili ya kike: mtoto wa kiume milioni 14, kila binti milioni 7. Hiyo ni hesabu ya sehemu, ya shule ya msingi. Lakini nimeona wanafunzi wa mwaka wa tatu wakimnyima mjane haki yake kwenye karatasi kwa kushindwa kutoa nane ya thelathini na mbili. Mjane wa kwenye karatasi halii. Yule atakayefika ofisini mwao atalia.

La nne ni kusimama upande usioupenda. Midahalo yetu ya shule huendeshwa kwa mada zilezile: baba na mama nani bora, mjini na kijijini wapi pazuri. Mshindi ni mwenye sauti. Mwanasheria anahitaji kuweza kueleza hoja ya mpinzani wake vizuri kiasi kwamba mpinzani mwenyewe atikise kichwa kukubali. Asiyeweza hilo atashangazwa mahakamani kila siku, na akiwa hakimu ataonea watu kwa moyo safi.

Baada ya ile simu ya 2022 nilimwomba mkuu wa shule moja ya sekondari ya kata aniruhusu kufundisha vipindi viwili katika kidato cha pili. Nilichukua mambo ya msingi ya shauri la Pastory, nikayaandika kwa Kiswahili chepesi kwenye ukurasa mmoja, nikaacha hukumu. Wanafunzi walikuwa zaidi ya sitini, madawati hayakutosha. Nikawaomba wasome kimya, kisha kila mmoja aandike neno moja ambalo hakulielewa. Mwanzoni hakuna aliyeandika. Nikaandika mimi ubaoni neno "rufaa", nikawasimulia habari ya shangazi. Baada ya hapo karatasi zilijaa.

Kisha nikaligawa darasa mara mbili, na wale waliokuwa wakimtetea Holaria nikawapeleka upande wa ukoo. Walinung'unika. Lakini mvulana mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasimama na kusema kwamba ukoo nao una hofu ya kweli: ardhi ikienda kwa mgeni, watoto ambao hawajazaliwa watalimia wapi? Msichana wa upande wa pili akamjibu kwa swali: "Kama hofu ni hiyo, mbona mwanaume akiuza ardhi ileile haondoi chakula cha watoto hao?" Nilisimama pale na chaki mkononi. Hoja iliyoamua shauri hilo Mahakama Kuu, kwamba mizani lazima iwe moja kwa mwanamke na mwanamume, ilikuwa imesemwa na mtoto wa kidato cha pili ambaye hajawahi kuiona hukumu.

Tulipomaliza, mwalimu wao wa Uraia, aliyekuwa ameketi nyuma, alinifuata nje. Alinishukuru, kisha akaniuliza kwa unyonge: "Lakini hili, Mwalimu, litatoka kwenye mtihani?" Sikumcheka na wala msimcheke. Yeye hupimwa kwa matokeo ya mtihani kama mimi nilivyokuwa nikipimwa kwa kasi ya kusahihisha. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na wa kulijibu si yeye.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mliomo serikalini mnaosoma ukumbi huu, hasa mlio katika elimu. Mitaala imebadilishwa, tahasusi zimeongezwa, na maneno "umahiri" na "fikra tunduizi" yameandikwa katika nyaraka. Yote ni mema. Lakini mwalimu na mwanafunzi husikiliza karatasi ya mtihani kuliko waraka wa sera. Siku mtihani wa taifa wa Uraia utakapokuwa na ukurasa mmoja wa mgogoro ambao mwanafunzi hajawahi kuuona, akatakiwa aseme nani anadai nini na kwa ushahidi upi, siku hiyo walimu wote nchini watafundisha jambo hilo bila semina wala posho. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia elimu inayoheshimu mtihani kuliko maisha. Kwa kuwa mtihani hatujauondoa, basi tuufanye ufanane na maisha.

Nanyi wanaharakati mnaoendesha mafunzo ya haki vijijini, mmekuwa mkiwafundisha watu haki zao kwa mabango na fulana. Wafundisheni pia kusoma wito wa mahakama, hati ya kiapo na ule mstari wa mwisho. Mwaka 2016 binti mmoja wa taifa hili, Rebeca Gyumi, alipinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, akashinda Mahakama Kuu, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi huo. Vifungu vile vilikuwa vimeandikwa wazi kwa zaidi ya miaka arobaini. Alivisoma, kisha akaviuliza swali.

Kwa upande wangu, nimeacha "Jadili" na "Fafanua". Mitihani yangu siku hizi ina kurasa za malalamiko ya watu, yenye matusi, tarehe zinazogongana na karatasi zilizopotea. Alama zimeshuka, na wanafunzi wananiona mkatili. Kusahihisha kunanichukua usiku mwingi zaidi, na wakuu wangu wameniuliza mara mbili kwa nini nachelewa. Sina jibu linaloweza kuingia kwenye fomu yao. Kijana wangu wa 2022 alijiunga upya na Taasisi, akafaulu, na sasa ni wakili. Huniletea salamu, ila hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijaomba.

Shangazi alifariki mwaka 1997. Nilikuwa nimekwisha kumweleza juu ya ule mstari. Alinisikiliza, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama siku hizi nawafundisha wengine kusoma. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi wafundishe polepole."

Jumapili hii nimemwalika tena binti wa jirani. Nimeandaa ukurasa mmoja wa shauri lile la Kagera, na kalamu ya kupigia mstari kila neno asilolielewa. Fomu atajaza apendavyo.